Kapi la Kisima Limenyamaza

Jumatatu, 6 Mei

Nimefagia ua. Nimemwagilia mchicha. Nimekoroga uji wa mtu mmoja na bado umebaki. Mkono haujajifunza.

Kapi la kisimani halikulia leo. Jana pia halikulia. Zamani lilianza kulia alfajiri, na wanawake wakigombania zamu mpaka magharibi. Hamad, mume wangu, hakutaka lipakwe mafuta. Akisema likilia anajua kuna mtu anateka, na kila ndoo inayopanda ni thawabu yake. Kisima alikichimba mwenyewe, yeye na ndugu yake wa Makoongwe, akakitenga na ua kwa makuti na kukiwekea mlango wa nje, ili jirani wasipige hodi. Sadaka yenye kuendelea. Mtu akifa, maji yanaendelea kumwandikia. Sasa amekufa na hakuna anayeteka.

Mimi nimo edani. Miezi minne na siku kumi ndani ya ua huu wa makuti. Eda naijua, niliwasomesha wanawake wa mtaa huu kabla sijaikalia. Mjane hakatazwi wageni. Yeye hukaa ndani, watu humjia. Mimi nimekaa ndani na hakuna anayekuja. Watoto wa chuo changu cha Kurani nao hawaletwi tena, majuzuu yao yamo kwenye kapu.

Saada kaja kutia dawa kisimani, kama kila Jumatatu. Ndiye binti wa afya wa shehia yetu. Kafanya kazi yake, kaniuliza hali, kaenda. Klorini inanuka mpaka chumbani.

Jumanne, 7 Mei

Niandike ilivyokuwa, maana huko nje inasimuliwa vingine.

Baada ya Idi, Hamad aliharisha na kutapika. Tukampeleka spitali. Moyo ukamshinda, akafariki asubuhi. Kwa kuwa kipindupindu kilikwisha kusikika kisiwani, walimchukua kipimo, wakamkosha wao huko huko, wakamleta amefungwa. Sikumkosha. Sikumwona uso. Siku ile ile ikaja gari, watu wamevaa nguo nyeupe na mabomba mgongoni. Wakapuliza chumba, choo, mpaka kizingiti. Wakatia dawa kisimani. Mtaa mzima ulisimama njiani kutazama.

Siku chache baadaye majibu yakatoka. Si kipindupindu. Lakini mabomba yalikuja na gari, na majibu yalikuja kwa simu. Nimeyasikia mimi na Saada. Nilimwomba Sheha ayatangaze, akasema inshallah. Ni mtu mzuri Sheha wetu, ila kwa habari njema mdomo wake mzito.

Jumatano, 8 Mei

Nimejua nani kawahamisha watu. Bi Mize, mama mkwe wa binti yangu Mayasa.

Wala hakusema kisima kina maradhi. Anajua kupanga maneno kuliko hivyo. Alisema maji yamebadilika harufu, na maji yaliyobadilika rangi, ladha au harufu hayatawadhiwi. Akamalizia: "Si Mwalimu mwenyewe alotufunza?"

Ni kweli nimewafunza. Barazani hapa, Bi Mize akikaa mbele na kuuliza kuliko wote. Kashika nusu ya somo. Nusu ya pili inasema kitu kisafi kikibadilisha maji kidogo tu, maadamu bado ni maji kwa jina na kwa hali, hayaharibiki. Nadhani siku hiyo alikuwa anasinzia. Nimecheka peke yangu, halafu nimekasirika mpaka nimeacha kula.

Hofu ilikuwapo tangu siku ya mabomba. Ilikuwa inatafuta kanzu ya kuvaa, Bi Mize akaishonea.

Sasa wote wanateka bondeni. Kile kisima kisicho ukuta, kando ya mpunga, chini ya vyoo vya mtaa wa juu. Maji yake hayanuki kitu, ndiyo sifa yake.

Alhamisi, 9 Mei

Kimya. Mgeni wangu wa leo ni kuku wa jirani. Nimemwambia karibu.

Jumamosi, 11 Mei

Mayasa kaja. Kasimama mlango wa nje, hakuingia. Kaweka kapu la muhogo na samaki chini, karudi nyuma ndipo nilichukue. Mwanangu wa kumzaa.

Kampakata mwanawe Ilham. Mtoto kanyoosha mikono anitake, miaka miwili tu, hajui habari za mtaa. Mayasa kamgeuza upande wa pili. Mkononi mtoto ana chupa ya maji.

Nikamuuliza maji ya wapi.

"Ya bondeni, mama."

"Teka hapa."

"Mavyaa kakataa. Asema maji yano yanuka."

"Basi yachemshe hayo."

"Nachemsha." Alisema akitazama miguu yake. Namjua anavyosema uongo tangu ana meno ya utotoni.

Sikumfokea. Anaishi nyumba ya watu. Lakini alipoondoka nilisimama pale mlangoni muda, na mlango uko wazi, hauna hata komeo. Sijapata kuona jela ya namna hii.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua tangu jana. Masika yameamua. Maji mekundu yanashuka njiani kutoka mtaa wa juu, yamebeba kila kitu. Najua yanaishia wapi.

Saada kaja kutia dawa, kalowa chapachapa. Kasema kuna mgonjwa ng'ambo ya bonde na wamethibitisha. Sasa ndiyo kipindupindu chenyewe.

Spika ya msikiti imetangaza watu wasipeane mikono. Saada ananisimulia yanayofanywa: wanafukiza ubani, wananing'iniza mwarobaini mlangoni, wanavaa barakoa kwenda dukani. Hawapiti njia ya kwangu, wanazunguka kwa nyuma kwenye matope. Na wakirudi nyumbani, wamechoka kwa kujihadhari, wanachota kata ya maji ya bondeni wanakunywa.

Nimempa Saada maneno awapelekee. Chemsheni maji. Na nusu ya pili ya somo, neno kwa neno, pamoja na kitabu ilimo. Kaahidi kupita nyumba kwa nyumba.

Jumanne, 14 Mei

Saada kapita. Wamemsikiliza vizuri, wamemkaribisha na chai. Bi Mize kamjibu, "Mwambie Mwalimu nampa pole, lakini mwenye kisima hawi shahidi wa kisima chake."

Jibu zuri. Ndilo linaloniuma.

Ijumaa, 17 Mei

Hasira. Siandiki kitu.

Baadaye. Nimesikia dua ya Ijumaa kwa spika, dua ndefu, ya kuomba balaa liondoke. Nimesema amina peke yangu uani kwa sauti. Hawakuniona lakini nilikuwamo.

Nilijaribu leo kukaa kila pahala pa nyumba hii. Kitandani upande wake. Jikoni. Barazani kwa ndani, pasipo na wanafunzi. Kisimani. Nyumba ni kubwa kumbe, na yote ni ndogo.

Jumapili, 19 Mei

Niandike kwa mpango.

Asubuhi Mayasa kanipigia simu analia. Ilham anaharisha tangu alfajiri, maji matupu meupe, na anatapika. Nimemwambia ampigie Saada upesi. Halafu achanganye chumvi na sukari kwenye maji yaliyochemka. Kasema kuni zimelowa, hakuna yaliyochemka.

Yangu yalikuwapo. Mimi nachemsha hata yenye dawa, nina wakati. Nikatia sukari na chumvi kwenye jagi kama Saada alivyotufundisha, nikavaa buibui, nikatoka.

Nimetoka edani. Mchana, kwa dharura, inaruhusiwa. Nalijua hilo, nimelisomesha. Lakini kulijua ni kitu kimoja na kuvuka kizingiti ni kitu kingine.

Njiani wanawake waliwavuta watoto ndani. Nikasikia mtu anaita, "Kizuka katoka! Kizuka katoka!" Kizuka ni mimi, ndivyo anavyoitwa mwanamke aliye edani, na wapo wanaoamini ukikutana naye njiani umekutana na mkosi. Wengi wao nimewashika kidole kwenye alifu. Nikaendelea kwenda.

Bi Mize alikuwa kasimama mlangoni kwake, kaujaza mlango.

"Mwalimu, u edani wee. Rudi."

"Mtoto ana kiu, Bi Mize. Nipishe."

Akatazama jagi. "Maji yano ndo yale?"

"Ndo yale."

Ndani Ilham hakuwa analia. Hilo ndilo lililonitisha, na nadhani ndilo lililomtisha yeye pia. Macho ya mtoto yamezama, midomo imekauka. Bi Mize akasogea.

Nimempa kijiko kwa kijiko. Akatapika. Nikampa tena. Bi Mize akashika kichwa cha mtoto, mimi nikashika kijiko. Saada akaja na gari. Kambi ya wagonjwa iko skuli, na mtu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kufuatana na mgonjwa. Akaenda Mayasa.

Tukabaki sisi wawili na jagi tupu. Nimenawa kwa sabuni, nimerudi kwenye ua wangu. Nifanye nini tena. Sina ruhusa ya kwenda kambini wala sina la kufanya hapa. Namwogopea mtoto.

Jumatatu, 20 Mei

Ilham katundikiwa dripu. Yu hai. Mayasa hajalala.

Wameingia wengine kutoka mtaa wetu, wote wanateka bondeni. Wa kisima changu hayumo hata mmoja, maana wa kisima changu ni mimi tu. Nimemwambia Saada hivyo kwenye simu, akacheka kwa uchovu. Hatakuja kutia dawa leo, kazi ya kambi imemzidi.

Mtaani wanasema Mwalimu kavunja eda na ndiyo maana maradhi yameshuka. Kwanza niliyaleta kwa kukaa ndani, sasa nimeyaleta kwa kutoka.

Jumatano, 22 Mei

Ilham kaomba uji. Alhamdulillahi rabbil alamina.

Ijumaa, 24 Mei

Watu wa afya wamekifunga kisima cha bondeni. Utepe mwekundu pande zote, na mtu wa kulinda, mpaka magharibi basi.

Ilham yuko nyumbani. Mwembamba, mkali, anataka kila kitu. Nimemsikia kwenye simu akimfokea mama yake. Nimefurahi sana kusikia ukorofi ule.

Jumamosi, 25 Mei

Kapi limelia!

Nilikuwa nachambua mchele. Nikaacha kila kitu nikaenda kuchungulia kwenye makuti. Wanawake wawili na ndoo zao. Mmoja kachota kiganjani, kanusa. Kampa mwenziwe, naye kanusa.

"Hayanuki tena."

"Maji yamepona."

Wakajaza, wakaenda. Baada ya muda wakaja wengine. Jioni walikuwa wanagombania zamu kama zamani, na mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, hujambo huko ndani?" Nimejibu sijambo.

Maji hayakuwa yanaumwa. Wala hayakupona. Ila leo sina nguvu ya kusahihisha mtu. Hamad, wanateka.

Jumatatu, 27 Mei

Chuo kimefunguliwa. Watoto wamejaa barazani, wananukia mafuta ya nazi, na makelele yao ni matamu kuliko kitu chochote.

Saada kaja na kopo la dawa. Aliposikia kapi linavyolia alitabasamu, kisha akaona uso wangu, naye akaacha.

Dawa ya kisimani imekwisha nguvu. Ndiyo maana hayanuki. Nilimuuliza, je, maji yana kitu? Kasema hajui. Kisima kina ukuta na kiko juu, hatari yake ni ndogo. Lakini mvua haijaisha, vyoo vimejaa, na sasa kila kamba na kila ndoo ya mtaa inazama humu, zikiwamo zilizokuwa bondeni. "Hatujui, Mwalimu. Ndo maana twatia."

Akitia yatanuka. Yakinuka watakimbia. Na bondeni utepe umeshakatwa, mlinzi kaondoka.

Angeweza kutia tu, ana amri. Lakini kasema wakilazimishwa watahama usiku mmoja. Kaliweka kopo mkononi mwangu. "Kisima cha kwako. Zungumza nao wewe, wakusikize wewe."

Wanisikize mimi. Binti huyu ana mzaha.

Jumatano, 29 Mei

Kopo liko juu ya kabati, nyuma ya Msahafu. Sijatia. Jana nilisema kesho, leo nasema kesho.

Naogopa, na siogopi maradhi. Nimeonja kimya kile na sitaki kurudi ndani yake. Leo mke wa jirani kaniletea mkate wa kumimina, kaingia, kaketi kitandani pangu, kaniambia habari za watu mpaka jua likazama. Kanishika mkono. Tangu Hamad afe sikuwa nimeshikwa mkono na mtu mzima.

Nikitia dawa, ataketi tena? Na ndoo za Hamad?

Alhamisi, 30 Mei

Wanawake wamekuja kumsomea Hamad khitma. Hawakuambiwa. Walijikusanya wenyewe, kwa vile ile ya kwanza walikuja watu wachache wakasoma haraka kama wanaokimbia mvua. Leo wamejaza ua wote. Bi Mize pia kaja, kakaa nyuma, kasoma kwa sauti ya chini. Nimelia bila kujificha.

Halafu wakasikia kiu. Kapi likalia, kata ikazunguka kutoka mkono hadi mkono, kinywa hadi kinywa. Watoto wakachota moja kwa moja kwenye ndoo. Ilham akapata kata akainua kwa mikono miwili, na mimi nikavuka majamvi ya watu nikampokonya. Akapiga ukelele. Wote wakanitazama.

Nimesema hayajachemshwa, mtoto ametoka kuumwa. Wakaitikia kwa vichwa, wakaendelea kunywa.

Bi Mize hakunywa. Alikuwa ananitazama mimi.

Kama maji yale nimeyakataza kwa mjukuu wangu na nimeyaachia kwa wajukuu wa watu, basi nimemfanyia nini Hamad? Thawabu gani hiyo ninayomkusanyia?

Ijumaa, 31 Mei

Nimetia.

Sikutia kwa kificho. Nilingoja asubuhi zamu zilipojaa, nikatoka kisimani na kopo. Nimewaambia: dawa niliyonayo ni ile ile, yatanuka tena. Alipofariki Hamad majibu yalisema si kipindupindu, na kama Sheha hajawaambia basi mimi nawaambia. Kisima hiki hakikumwua mtu. Maji yasiyonuka ndiyo yaliyomlaza Ilham.

Kisha nikawasomesha nusu ya pili, pale pale, kama niko barazani. Harufu kidogo ya kitu kisafi haiharibu maji ya udhu. Asiyeipenda aache ndoo wazi juani, itaondoka. Lakini akishaiacha ndoo, asiteke kwingine.

Mmoja akauliza, "Kwani sasa maji yana n'ni, Mwalimu?"

Ningeweza kusema hayana kitu. Nimesema sijui.

Hilo ndilo walilolisikia. Nimeona nyuso zinafunga moja moja. Waliojaza waliondoka na ndoo zao, sijui kama kwenda kunywa au kumwaga. Mmoja alimimina yake chini pale pale, kistaarabu, mbali na miguu yangu. Bi Mize alikuwapo. Kachukua ndoo yake tupu kaenda.

Nimetia dawa kama Saada alivyonionyesha. Nimeosha kopo. Nimeingia ndani.

Adhuhuri hakuna. Alasiri hakuna. Watoto wa chuo wamekuja nusu.

Jumamosi, 1 Juni

Mvua imekatika. Nimefagia ua. Nimemwagilia mchicha. Uji leo nimeupima sawasawa, haukubaki.

Nilikuwa nakosha sufuria kapi lilipolia. Mara moja tu. Sikuinuka upesi, nilidhani ni upepo. Kisha nikaenda kwenye makuti.

Bi Mize, peke yake. Kachota kiganjani, kanusa, kakunja uso. Alijua niko wapi, maana alisema akiwa kaelekea ua.

"Yanuka, Mwalimu."

"Yanuka, Bi Mize."

Kamimina kwenye ndoo. Kisha kavua viatu, kaviweka pembeni, kakunja mikono ya kanzu yake, kachutama pale pale kwenye sakafu ya kisima. Kaosha viganja. Kasukutua, kapandisha maji puani. Kaosha uso. Mikono, kichwa, masikio, miguu, taratibu, hakuruka kitu, kama nilivyomfunza.

Alipomaliza kasimama, kashusha kamba kuteka ya pili.